Mguu Mbovu wa Mwalimu Fikiri

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimeanza! Mimi, Fikiri, mwanachuo wa ualimu, nipo kwenye mazoezi ya kufundisha elimu ya michezo, shule ya msingi hapa Cheyo. Alhamisi mkufunzi wetu, Madam Imakulata, anakuja kunikagua. Nikifaulu, cheti. Nikipata cheti, naomba leseni. Nikiwa na leseni, hakuna wa kuniita mwalimu kwa utani tena!

Kizuizi ni kimoja: kukimbia. Sipendi kukimbia. Kukimbia nako hakunipendi.

Mwenzangu wa chuo, Julieth, kazunguka uwanja na watoto akiimba njia nzima. Kujionyesha tu! Mimi nilisimama kivulini na filimbi. Mtoto wa darasa la nne, Mwanne, akaniuliza kwa adabu zote kama mguu wangu ni mbovu. Lo, wazo hilo! Nikamjibu naam, niliumia nikichezea timu kubwa. Sikutaja ipi.

Jumanne, 13 Mei

Habari zimefika ofisini kabla yangu. Mwalimu mkuu, Mzee Ngollo, hakungoja hata nimalize shikamoo. Kesho walimu wetu wanacheza na walimu wa shule moja ya Ipuli, na kila mwaka tunafungwa. Mimi ndiye mshambuliaji! Nikamkumbusha mguu. Akasema nisimame tu karibu na goli, uzoefu utafanya kazi yake.

Julieth akajitolea kunifunga bandeji. Akauliza mguu upi. Nikasema wa kushoto. Akashangaa, maana asubuhi nilichechemea wa kulia. Nikamweleza kwamba maumivu yanahama. Kaifunga yote miwili. Natembea kama bata.

Jumatano, 14 Mei

GOLI! Nilikuwa nimeupa mchezo mgongo, namtafuta Julieth aone nilivyosimama. Mpira ukanigonga kisogoni ukaingia wavuni. Moja bila! Mzee Ngollo kapiga vigelegele, mwanamume mzima! Walimu wakaninyanyua juu. Nikapunga mikono yote. Wakaniangusha.

Kifundo cha mguu kimevimba kama andazi. Sasa ni mbovu kweli. Sijali! Nalala nikitabasamu.

Alhamisi, 15 Mei

Madam kafika. Nikafundisha mbio za kupokezana vijiti nikiwa nimekaa kitini. Watoto walikimbia kama ndama waliofunguliwa zizini. Madam anaandika, anatabasamu. Leseni naiona kwa macho!

Ndipo Mzee Ngollo, kwa nia njema kabisa, akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Huyu kijana jana kacheza akiwa majeruhi. Shujaa!"

Kalamu ikasimama. Madam akanigeukia. "Fikiri, unataka leseni ya kutunza miili ya watoto, na wako mwenyewe unauchezesha na jeraha?"

Nikikubali, nimefeli. Nikisema jana sikuwa na jeraha, mimi ni mwongo mbele ya darasa zima, na Mwanne kanikodolea macho. Nikachagua njia ya tatu: nimepona! Nikaruka kutoka kitini kuthibitisha. Nikatua ndani ya ndoo ya maji ya watoto iliyokuwa kando ya kiti.

Julieth ndiye aliyenichomoa. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Pale pale, nikiwa nimelowa, nikamweleza Madam ukweli wote. Hakucheka. Kaamua atarudi kunikagua upya mguu ukipona, na siku hiyo nitakimbia na watoto mwanzo hadi mwisho.

Nimemwapia Julieth kwamba uongo basi. Akanishika mkono! Alikuwa ananisaidia kusimama, lakini alinishika.

Ijumaa, 16 Mei

Mzazi mmoja, Bwana Majidi, kaja shuleni kutafuta mtu wa kuanzisha klabu ya karate. Julieth kamwambia hajui karate. Hivyo hivyo tu, bila hata kujiuma midomo! Mtu hajitetei?

Mimi nikasema nafundisha. Bwana Majidi akauliza kama nina mkanda mweusi. Nikaitazama suruali yangu. Ninao, tena wa ngozi.

Kafurahi mno, kwa sababu na yeye anao. Jumatatu tunawaonyesha watoto pambano la kirafiki!