Ulimi wa Mjuzi na Vidonge vya Magoti

Nimeaibika mchana kweupe, ukumbi mzima ukitazama. Sasa niko nyumbani, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, naandika mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Wabera hawajawaletea habari yao yenye chumvi.

Kwa wasionijua, nauza miraa hapa Isiolo mjini, mwaka wa kumi na tisa huu. Ni miaka mingi ya kukaa kwenye kigoda, na magoti yangu yamekwisha. Nikiinuka yanalia hadi wateja wanageuka.

Miezi minne iliyopita walikuja watu wa chuo kikuu. Walikuwa wanatafuta wa kujitolea kujaribu kidonge kipya cha maumivu ya magoti. Wakatukusanya ukumbini. Aliyeongea ni Daktari Akiru, msichana wa Kiturkana wa papa hapa mjini, mwembamba, sauti ya chini, viatu vya raba. Nikamdharau papo hapo. (Mkumbuke hilo.)

Alitueleza kana kwamba tuko darasa la pili.

"Nusu yenu mtapata dawa. Nusu mtapata kidonge kinafanana nayo kabisa, lakini ndani hakina dawa. Nyinyi hamtajua. Hata mimi sitajua. Namba yako ndiyo inajua, na orodha imefungiwa chuoni. Mwisho tunalinganisha tuone kama dawa inasaidia kweli, ama mtu anasikia nafuu kwa kuamini tu."

Mzee mmoja akauliza kama damu yake itauzwa Nairobi. Mama mwingine akauliza kama akikataa atafukuzwa hospitalini siku akiugua. Daktari akajibu kila mmoja bila haraka. Hakuna wa kuuziwa damu. Hakuna kulazimishwa. Unaweza kujitoa siku yoyote na matibabu yako ya kawaida yako pale pale. Mimi nikacheka kwa sauti. Watu na maswali yao! Mimi sikuuliza hata moja. Fomu nilitia sahihi bila kufika ukurasa wa tatu. (Ukurasa wa tatu, nimesomewa leo, unasema usimpe mtu vidonge vyako wala usichukue vyake.)

Nikapewa namba kumi na saba. Kumi na nane akapewa Mama Halima, jirani yangu wa biashara, Mborana wa Kinna anayeuza chai na maziwa ya ngamia mkabala na kibanda changu. Magoti yake yalikuwa mabaya kuliko yangu. Akitaka kuokota kikombe alikuwa anamwita mpita njia.

Sasa sikilizeni ujinga ulivyoanza. Kazi yangu ni ulimi. Mtu akiniletea miraa akaniapia ni giza safi, ile ya daraja la juu, sibishani naye. Nang'ata kijiti kimoja, natema, namwambia ilichunwa lini na kama imelala njiani. Wakubwa wa mji huu wananiheshimu kwa ulimi huo. Nikajiuliza, hawa watoto wa chuo wanataka kunificha kidonge mimi?

Kesho yake nikang'ata kidonge changu. Hakikuwa na ladha hata kidogo, kama kutafuna chaki. Nikavuka barabara.

"Mama Halima, hebu nione vidonge vyako."

Akanipa. Nikang'ata kimoja. Chungu! Chungu hadi sikio likasimama. Nikajua papo hapo. Dawa ni uchungu, hata mtoto anajua. Yeye amepewa dawa, mimi nimepewa unga.

Na hapa ndipo mtanichukia, na mna haki. Sikumwambia ukweli. Nilimwambia, kwa upole kabisa, kwamba vidonge vyake ni vikali, vitamsumbua tumbo, na kwamba mimi nina tumbo la chuma. Tubadilishane. Mama Halima akaniangalia kama ameona malaika.

"Allah akubariki, Baba Kendi. Wewe unafikiria watu."

Akanitolea vyake vyote chini ya meza kwenye kikombe, nikavimimina kwenye chupa yangu na vyangu kwenye yake, namba zikabaki mahali pake. Kila mwezi tulipopewa chupa mpya nilingoja siku mbili, nikavuka, nikaonja kimoja cha kila upande ili nisibahatishe. Kila mwezi vyake vilikuwa chungu. Mimi, mwanasayansi!

Na nilipona. Mwezi wa kwanza, naapa, nilitembea kama kijana. Nikatangaza kibandani, nikatangaza kanisani, nikatangaza kwa kinyozi. Mwezi wa tatu magoti yakaanza kulia tena kidogo, lakini mtu akishatangaza sehemu tatu hawezi kurudi nyuma. Mama Halima naye nikimuuliza alikuwa anasema tu, "Alhamdulillahi, naendelea." Nikawa namwonea huruma. Anakula unga, maskini, halafu anashukuru.

Leo basi ndio siku ya mwisho. Walituita ukumbini kufunga utafiti, kila mtu apewe bahasha inayosema namba yake ilikuwa ya dawa au ya kidonge kitupu. Halafu tuchague msemaji mmoja wa kukaa na madaktari wakipanga utafiti unaofuata. Nafasi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote mwaka huu. Mimi muuza miraa, niitwe mezani na watu wa chuo, wanisikilize! Wiki mbili nilikuwa nafanya kampeni. Nimevaa koti. Mke wangu alipoliona alisema, "Unaenda kuoa?" Nikampuuza.

Daktari Akiru akagawa bahasha. Akasema, na alisema mara mbili, "Hii ni siri yako. Soma ukiwa nyumbani. Huhitaji kumwambia mtu."

Nikasimama. (Kwa kushika kiti, lakini nadhani hakuna aliyeona.)

"Daktari, kwangu hakuna siri. Mimi nataka kuwa msemaji, na msemaji hafichi kitu. Soma yangu hapa hapa!"

"Baba, una uhakika?"

"Soma!"

"Si lazima, kweli."

"Soma, watu wasikie!"

Akafungua. Akasoma kwa ile sauti yake ya chini. "Namba kumi na saba. Dawa halisi."

Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi, jamani, nikaruka! Nikainua mikono yote miwili. "Si niliwaambia? Si niliwaambia!" Mtu akapiga mluzi. Kutoka nyuma mwendesha boda mmoja akapaza sauti, "Mzee wa miraa, chuchumaa tuone!" Wengine wakadakia. "Chuchumaa! Chuchumaa!"

Nikachuchumaa.

Kushuka si kazi, uzito unakusaidia. Goti la kulia likalia, la kushoto likajibu, nikafika chini nikitabasamu. Ni nikiwa huko chini, makofi bado yanaendelea, ndipo akili ilifika. Ilikuwa imechelewa tu kidogo.

Namba kumi na saba ni dawa. Lakini vidonge vya kumi na saba sijavimeza mimi.

Tabasamu lilikauka usoni. Nikajiambia, tulia, ukumbi huu una watu wawili tu wanaojua, na mmoja ni wewe. Inuka polepole, pokea cheo, nenda nyumbani. Nikajaribu kuinuka. Magoti yakakataa. Nikajaribu tena. Hapana!

Na Mama Halima akasimama. Hakushika kiti. Hakushika chochote. Alisimama tu, kama binti wa shule aliyeitwa jina.

"Daktari, samahani. Mimi sielewi. Hizo za kumi na saba si ndio mimi nilikunywa? Baba Kendi alibadilisha na yangu. Kila mwezi. Alisema zangu ni kali, ananionea huruma tumbo."

Watu themanini wakamgeukia mtu mmoja aliyechuchumaa.

"Baba," Daktari akasema, "mlibadilishana vidonge?"

Kutoka huko chini nikajitetea. Ndiyo, nilijitetea! "Vyake vilikuwa chungu! Dawa ni chungu! Vyangu havikuwa na ladha. Mimi nina ulimi, Daktari, ulimi wangu haudanganyi!"

"Vyote havina ladha. Vyote vimefunikwa sawa, juu ni sawa, ladha ni sawa. Tulivitengeneza hivyo ili mtu asiweze kuonja akajua."

"Vyake vilikuwa chungu!"

Hapo Mama Halima akapiga paji la uso. "Wallahi, ni malmal!"

Kama hujawahi kuijua malmal, ni ile gundi ya mti inayouzwa sokoni, nyekundu nyekundu, Waborana wanaiweka mdomoni tumbo likiuma. Uchungu wake haufichiki. Mama Halima ana mkebe wa malmal chini ya meza ya chai, na kila akipewa vidonge anavimwaga humo.

"Kifuniko cha chupa kinanishinda kufungua kila asubuhi," akaeleza ukumbi mzima. "Mkebe ni rahisi. Hata zako, Baba Kendi, nilimwaga hapo. Siku ya pili zilikuwa chungu vile vile. Sikukuambia, nilifikiri utasikia vibaya."

Nilifikiri utasikia vibaya! Ukumbi ukalipuka. Mwendesha boda yule alilala juu ya benchi. Mchungaji wangu alijificha nyuma ya bahasha yake, mabega yakitetemeka. Yule mzee wa swali la damu, niliyemcheka miezi minne iliyopita, alikuwa anafuta machozi kwa kofia.

Na mimi bado niko chini.

Mama Halima akaja mbele, hatua za haraka, akachuchumaa kando yangu bila hata kuguna, akanishika mkono. "Njoo, polepole." Akasimama nao, akaanza kunivuta. Ni wakati huo huo mtu akapiga kelele, "Msemaji ni Mama Halima! Wanaomtaka wainue mikono!" Mikono ikainuka ukumbi mzima. Wangu pia ulikuwa juu, kwa sababu ndio uliokuwa unavutwa. Karani akauhesabu.

Msidhani iliishia kwa kicheko. Kelele zilipotulia Daktari Akiru alikuja akakaa kando yangu. Nilitaka anifokee. Hakunifokea. Mama Halima akatuonyesha bahasha yake: namba kumi na nane, kidonge kitupu. Akasema namba kumi na saba na kumi na nane haziwezi kuhesabiwa na nyingine, itabidi zielezwe kando kwenye ripoti. Akasema mtu mwingine akiugua magoti Merti au Meru, daktari wake atasoma majibu ya watu kama sisi ndipo aamue ampe kidonge hiki au la. "Mngebadilishana wengi, Baba, tungemwambia huyo mtu uongo bila kujua." Halafu akamshukuru Mama Halima kwa kusema ukweli. Mimi akaniuliza kama nahitaji boda ya kunirudisha.

Nimedharau watu miezi minne mfululizo. Nilimdharau mzee wa damu, nikamdharau daktari kwa viatu vyake, nikamhurumia mama wa watu kwa kula unga, na mla unga nilikuwa mimi. Dawa nilikuwa nayo mkononi, imeandikwa namba yangu, nikavuka barabara kwenda kuigawa kwa ujanja. Ile nafuu ya mwezi wa kwanza? Malmal na majivuno, basi.

Anayetaka kucheka acheke huko kwake, asije kibandani kwa kisingizio cha kununua.

Sasa hivi msemaji wetu mpya amenitumia pole: chupa ya maziwa ya ngamia na kipande cha malmal kimefungwa kwa gazeti. Nimekiweka ulimini, nikafumba macho, nikakionja kwa utaalamu wangu wote. Ni chungu sana. Nadhani ni dawa.