Kanda za Kupeleka kwa Mkono

Jumatatu, Machi 3

Mkuu wa kitengo katangaza: ifikapo Ijumaa tuwe tumechagua njia ya kuhifadhi nakala za seva zetu za Linux, zile zinazoishi ndani ya kompyuta kuu. Jengo hili likiungua, kazi iendelee jengo la pili, ng'ambo ya mji. Mjuaji, jirani yangu wa meza, anataka nakala zipite kwenye waya wa mtandao, zenyewe, saa zote. Zenyewe! Mimi nimependekeza ziandikwe kwenye kanda za sumaku, zipelekwe kwa mkono kila siku. Mkono wangu. Nimetaja usalama mara sita. Sikutaja kwamba mpokea kanda wa huko ni Bi Akiba (jina nimempa mwenyewe, hajui). Waya ukipita, mimi nitapita kwa kisingizio gani?

Jumanne, Machi 4

Nimeruhusiwa kujaribu! Shati nimelipiga pasi mara mbili. Shangazi ninayeishi naye kauliza tangu lini kanda zikanusa marashi. Nikatoka mbio. Bi Akiba kasaini, kashukuru, kauliza kama jua ni kali huko nje. Kali mno, nikasema. Dakika nne nzima! Njiani nikagundua siku nzima ni mawingu.

Jumatano, Machi 5

Balaa. Utaratibu unataka seva zisimamishwe kwanza ndipo diski zinakiliwe, maana seva ikiwa kazini mambo mengine bado yako kichwani mwake, hayajaandikwa. Kazi ya muda wa saa mbili nzima hiyo! Naye Bi Akiba hunywa chai saa nne. Nimenakili hivyo hivyo, zikichapa kazi. Nani atajua? Tumekunywa chai pamoja. Akasema siku zisizo na mgeni husikia feni tu. Nimerudi sina hamu ya kitu, nimekaa naitazama simu ya mezani. Nimemkumbuka mtu niliyeagana naye dakika arobaini zilizopita.

Alhamisi, Machi 6

Mkuu kataka kanda ya jana ijaribiwe kule kule, mbele ya watu. Bi Akiba akaiweka. Seva ikaamka nusu, ikalalamika faili zimevurugika, ikazima. Mjuaji akaniuliza kwa upole kama niliisimamisha kwanza. Nikasema labda ni joto la njiani. Bi Akiba akanitazama tu. Yale macho yamenikata maini.

Ijumaa, Machi 7

Waya umeshinda. Nilikwenda kuchukua kanda zangu. Bi Akiba akanisindikiza hadi mlangoni, akasema alijua juzi nilikuwa naiwahi chai, na kwamba anayetaka chai pale halazimiki kubeba kitu. Akangoja. Moyo ulisema nitakuja kesho. Mdomo ukasema nitaliwasilisha suala hilo kwa mkuu. Akafunga mlango taratibu.

Jumatatu, Machi 10

Nimepata! Waya nao hukatika, au sivyo? Nimeandika pendekezo la kurasa tisa: kanda moja ya dharura kila mwezi, mbebaji mimi. Mkuu akikubali, nitamwona mara kumi na mbili kwa mwaka. Mara kumi na mbili!