Mikono Mia na Ishirini

Jumatatu, 7 Agosti
Nimepewa karakana! Daktari Taumoepeau, anayetufundisha kupanga ratiba za uzalishaji kwenye shahada ya uzamili, amenipeleka kwa Mama Vasemaca, mwenye cherehani sita hapa Suva. Nina wiki mbili za kupunguza ucheleweshaji. Hasimu wangu darasani, Roneel, kapewa kiwanda cha biskuti. Nasikia anazunguka akiwauliza wafanyakazi maswali. Maskini. Mimi nitamuuliza nani? Kitabu nimekisoma mara mbili.

Jumatano, 9 Agosti
Kanuni ni moja: kazi fupi kwanza. Zipu, vifungo, mapindo, mbele! Majoho sitini ya kwaya, nyuma. Mama Vasemaca kasema kwaya inaingia mashindanoni tarehe kumi na tisa. Nikamjibu hesabu haina dhehebu. Akaenda kuwarudia mafundi maneno yangu. Ni heshima, nadhani.

Ijumaa, 11 Agosti
Ushindi! Wastani wa kusubiri umeshuka kutoka siku nne hadi moja. Wateja wa zipu wanaleta wenzao, na wenzao wanaleta zipu. Zote fupi! Zote mbele! Majoho hayajaguswa, lakini ni kazi moja kati ya themanini. Kwenye wastani haionekani kabisa.

Jumatatu, 14 Agosti
Pigo dogo. Kumbe kiongozi wa kwaya yenyewe ni mama mdogo Kelera, aliyenilea. Kaja karakanani kuulizia majoho. Nikamchorea mchoro wa ratiba. Akaugeuza huku na huku.
“Sakeasi, mwanangu, karatasi hii niivae wapi?”
Kisha akasema kwaya ikiaibika, nisikanyage kwake Jumapili. Na palusami yake, yale majani ya magimbi kwa tui la nazi, je?

Jumanne, 15 Agosti
Daktari kasema kwa kanuni yangu kazi ndefu itasubiri hadi kiyama, niipe tarehe ya mwisho. Roneel, bila kuulizwa, kanishauri niongee na mafundi. Nimewapiku wote wawili! Kazi ndefu nimeikatakata ikawa fupi. Mikono peke yake, kola peke yake, viwiliwili peke yake. Mikono ndiyo rahisi zaidi, basi mikono kwanza. Fundi Salote alitaka kusema kitu. Nikamsihi asinivurugie ratiba.

Ijumaa, 18 Agosti
Mikono mia na ishirini, tayari! Kola sitini, tayari! Vipande mia na themanini kati ya mia mbili na arobaini. Asilimia sabini na tano! Salote kauliza mikono itaunganishwa na nini. Haoni mbali, yule.

Jumamosi, 19 Agosti
Wameimba na mashati yao ya Jumapili, kola mpya shingoni. Waimbaji wawili wa besi walivaa na ile mikono, juu ya mikono ya mashati, kwa kunihurumia. Wamekuwa wa mwisho. Mama mdogo aliimba akinitazama mimi tu. Ulikuwa wimbo wa toba. Nilijikuta nafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Jumanne, 22 Agosti
Roneel kaongoza darasa. Mama Vasemaca kamkabidhi Salote ratiba. Mimi Daktari kaniambia nirudie somo zima. Ni wazi hataki kuniachia. Ananiandaa kwa uzamivu.
Na leo nimepata mteja! Mwokaji wa mtaa wa pili ana keki ya harusi ya ghorofa saba, inatakiwa Jumamosi, na amechanganyikiwa. Nimemtuliza. Nimemwambia azime tanuri, tuanze na maua ya sukari.