Kuhusu Sanamu ya Bi. Lavinia Carrow Inayoharibu Wajukuu wa Watu

Rosettenville,
Johannesburg

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Sanamu ya Bi. Lavinia Carrow,
Newtown

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana nataka uwe na nguvu za kuisikia yote. Mimi ni Orpha Chepngetich, mjane, mzaliwa wa Kapsabet, na sasa naishi kwa mwanangu Sidney anayefanya kazi benki. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo usitafute makosa yangu ya kuandika, tafuta yako. Naandika Kiswahili kwa sababu Jumbe, askari wenu anayelinda sanamu, ni Mtanzania na ameahidi kuwasomea. Nimemwonya asilainishe neno.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wangu Jelimo amepata nafasi chuo kikuu kusomea uhasibu. Badala ya kumshukuru Mungu, anasema anataka kusomea kuigiza jukwaani. Baba yake, badala ya kukohoa kama mwanamume, akasema Kogo akikubali, yeye hana neno. Kogo ndiye mimi, nyanya yake. Basi Jumamosi msichana akanitoa nyumbani akanileta Newtown kumwona huyo mama wenu wa shaba, ati nijionee kwamba mwigizaji naye huheshimiwa. Nimejionea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mavazi. Julai hii, baridi ya kukata masikio, mama wa watu mmemsimamisha mabega wazi kama anayengoja kudungwa sindano. Hapo hapo nguo imezidi chini, ina mkia unaofagia mpaka kwenye majani, umejaa karatasi za chipsi. Kitambaa cha mabega kilikuwepo, mkakipeleka chini! Nilivua shali yangu nikamfunika. Jumbe akaja mbio: Mama, sheria hairuhusu. Nikamuuliza kama sheria ndiyo iliyomzaa. Aliitoa shali akiangalia pembeni. Yeye angalau ana aibu.

2. Kibao. Jelimo alinisomea kwamba Bi. Lavinia alikuja kwa meli kutoka Uingereza enzi za Malkia Viktoria, akaigiza hapa mji ukiwa bado mahema na vumbi, na kwamba alikuwa rafiki wa karibu wa matajiri wa dhahabu. Matajiri, wengi. Kwetu mwanamke mwenye marafiki wa karibu kiasi hicho huitwa na wazee wa kanisa. Ninyi mmemwitia fundi wa shaba. Mimi nilikuwa na rafiki mmoja wa karibu, marehemu mzee wangu, na ukaribu wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Hakuna aliyenichongea hata kijiko.

3. Kazi yake. Naelezwa alikuwa hodari sana wa kufa. Kila jioni anakufa jukwaani, watu wanalia, pazia linafungwa, anaamka anakwenda kula kuku. Jumamosi alikuwa anakufa mara mbili. Mheshimiwa, mimi nimezika watu. Hakuna hata mmoja aliyeamka akaulizia chakula. Kumliza mtu kwa kifo ambacho hakipo ni wizi, tena wizi wa machozi ambayo mwenyewe atayahitaji baadaye.

4. Hakuna mwenyeji. Hili ndilo lililonichosha. Kwetu, mahali anapokumbukwa marehemu, lazima asimame mtu wa nyumba hiyo aeleze alikuwa nani, alichekaje, alimsumbua nani. Hatumkodolei marehemu macho kama ng'ombe wa mnadani. Nilingoja. Watu wanapita, wanajipiga picha naye, mmoja kamvalisha kofia. Wa ukoo hakuna. Basi nikasimama mimi, nikawa wa ukoo.

Nilisema Bi. Lavinia alikuwa mkaidi tangu tumboni. Nikasema alikuwa na nyanya yake huko Uingereza aliyemkataza kupanda meli, akamfichia viatu, na siku ya safari hakutoka nje kumuaga. Alikaa jikoni akisingizia moshi unamuuma macho. Hayo hayapo kwenye kibao. Sijui niliyatoa wapi. Nikaanza kulia hapo hapo.

5. Tabia ya watu wa Newtown. Walisimama kunisikiliza, ati. Wauza simu, wanafunzi, mpaka Angélique, msusi Mkongo, aliacha kichwa cha mteja nusu. Na Jelimo! Mtoto aliyezaliwa hapa, nikimsalimu kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, chumvi huniomba kwa kidole. Alikuwa kando yangu akigeuza maneno yangu yote kuwa Kizulu. Hakuangusha hata moja. Nikishika kiuno, naye anashika kiuno. Nilipolia, yeye hakulia. Aliwatazama watu mpaka wakalia wao. Kumbe miaka yote hii ananisikia. Tulipomaliza wakapiga makofi. Makofi, mbele ya marehemu! Kijana mmoja akaniita nyanya kwa Kizulu, akapaza sauti: Eish, gogo, rudia! Nilirudia, ili tu nimnyamazishe.

Kwa hiyo nadai sanamu iondolewe kabla ya Ijumaa, siku ambayo Jelimo anatakiwa kukijibu chuo. Ikishindikana, igeuzwe itazame ukuta. Hilo nalo likiwashinda, kwenye kibao yaongezwe maneno: Wajukuu wasijaribu. Majumba ya maigizo ya hapo jirani yafungwe, na vioo virefu vyote vya mji huu vifunikwe, maana msichana huyu hapiti mbele ya kioo bila kufa kidogo.

Wasalimie wanakamati wote na watu wa nyumbani kwao, na fundi aliyeuchonga ule mkia, na malkia yeyote mliyebaki naye.

Ni mimi niliyewastahi kwa kuandika badala ya kuja,

Orpha Chepngetich

Tanbihi, siku tatu baadaye: Sanamu msiiguse. Jumamosi ijayo tunarudi, wekeni viti vyenye mgongo. Jelimo atakuwa Lavinia, mimi nitakuwa nyanya yake. Chuo tumeshakijibu, mhasibu watampata kwingine. Sidney ananiuliza nimepatwa na nini. Nimemwambia nyanya anayekataa nimemwigiza humu ndani miaka mingi na hanisumbui hata kidogo. Anayenishinda ni yule anayetoka nje kumuaga mtoto. Tunamfanyia mazoezi kila jioni, na bado hajafika mlangoni.