Pingamizi Dhidi ya Bwana Harusi wa Gundi

Javan Okumu,
Fundi wa Kuchomelea,
Kapsoya, Eldoret.

Kwa Mchungaji Maximilla, na wazee wa kanisa watakaoketi kuisikiliza barua hii,

MINTARAFU: KUPINGA NDOA YA BINTI YANGU AMONDI NA JACKSON WAKOLI

Nakusalimu kwa heshima, na kwa mikono iliyochomelea lango la kanisa lako. Jumapili mbili sasa umetangaza ndoa ya Amondi, na mara zote mbili umesema yeyote mwenye sababu ya kuipinga ailete kwa maandishi kabla ya tangazo la tatu. Mimi ninayo sababu. Mke wangu Rosebella anasema maneno hayo ni desturi tu na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye huyajibu. Lakini wewe ulisema yeyote, na ulikuwa ukinitazama mimi.

Sina shida na kabila la kijana wala tabia yake. Shida ni kazi. Jackson anaunda bodi za malori ya mahindi ya kule Moi's Bridge, na mabati yake hayachomelei. Anayabandika. Kwa gundi, Mchungaji! Nimeyapa malalamiko yangu nambari ili wazee wasipotee njiani.

1. Kazi yake haina kelele. Mimi nikiwasha mashine, taa za ploti nzima hufifia na kila jirani anajua Okumu yuko kazini. Yeye anapiga msasa, anapaka, anabana kwa vibanio, halafu anaenda kunywa chai mpaka kesho. Eti anaipa gundi nafasi ishike. Je, akikosana na mkewe, ataenda kunywa chai mpaka kesho? Rosebella anasema hilo lingekuwa jambo jema sana. Sikuwa nimemuuliza.

2. Kiungo chake hakionekani. Mshono wangu uko nje, hata mtoto anaweza kuuona na kuukosoa. Gundi imejificha katikati ya mabati mawili, na ukitaka kuhakikisha imeshika lazima uvunje. Siwezi kumtoa binti yangu kwa kitu kisichokaguliwa.

3. Amenifedhehesha mbele ya shahidi. Mwezi jana nilimwita tushindane, na Nur mwenye duka la vifaa vya ujenzi akasimamia. Tulichukua mabati membamba ya aina moja. Nikaunga yangu kwa moto, yeye akaunga yake kwa gundi, tukamngojea siku nzima, kisha tukaning'iniza magunia ya mchanga kwa kamba. Yangu yalikatika kwenye gunia la tano. Naomba iandikwe katika kumbukumbu za kanisa kwamba mshono wangu haukuachia. Lililokatika ni bati lenyewe, pale kando ambapo moto ulilidhoofisha. Yake yalibeba magunia manane, ndipo kamba ikakatika, kwa hiyo hata yeye hakumaliza. Nur alicheka hadi akakaa chini kwenye mchanga. Jackson hakucheka. Alinipa pole, akasema bati lilikuwa jembamba mno kwa moto. Mkwe wa kukupa pole ni mkwe gani?

4. Amekiri udhaifu wa gundi kwa kinywa chake mwenyewe. Haipendi joto kali, na ukiibandua kidogo kidogo kuanzia ukingoni, inaachia. Sasa, Mchungaji, joto la Amondi unalijua, maana ndilo lililokufanya umtoe kwenye kamati ya vijana. Na kumbandua mtu kidogo kidogo kuanzia ukingoni ndiyo kazi ya mama yake tangu tuoane.

5. Ibada ya ndoa yenyewe ina pengo. Tunaambiwa Mungu ndiye anayeunganisha, lakini hakuna mahali panaposemwa ni kwa njia gani. Naomba wazee wapitishe kwamba ni kwa moto. Wakishapitisha, ndoa zote za kanisa hili zikaguliwe upya, kuanzia ile ya mwenyekiti wa wazee, ambayo mimi kama fundi naiona ina ufa. Na pete ya Amondi nitaichomelea mwenyewe, ikiwa kidoleni. Nitamfunika mkono kwa kitambaa chenye maji.

6. Hili sikutaka kuliandika. Chuma kizito hakichomelewi na mtu mmoja. Lazima mwingine ashike pembe, ageuze uso, na asitetemeke. Tangu darasa la saba, anayenishikia ni Amondi. Siku hizi ni mwalimu huko Ainabkoi, na bado kila Jumamosi anakuja, anavaa glavu zangu za zamani, anashika. Akiolewa, Jumamosi zake zitakuwa za gundi. Inaniuma, Mchungaji. Inaniuma sana.

Kwa sababu hizo, tangazo la tatu lisisomwe mpaka kijana ajifunze kuchomelea au mpaka mimi nife, lolote litakalotangulia.

Nisalimie wazee, kwaya yote na mumeo. Mwenyekiti mwambie asichukulie vibaya ile habari ya ufa.

Ni mimi muumini wako, mwenye uchungu na mashine,

Javan Okumu.

N.B. Utaona barua ina mistari ya kuchanika. Rosebella aliipasua vipande sita. Kwa ajili ya msimamo wangu nilijaribu kwanza kuunga kwa mashine, ndiyo maana kona moja imeungua. Jackson alinikuta hapo nikipuliza majivu. Aliketi, akasoma vipande vyote, nambari ya kwanza hadi ya sita, kisha akatoa gundi na kuviunganisha, ili pingamizi dhidi yake likufikie kabla ya Jumapili. Wakati gundi inakauka hakwenda kunywa chai. Alivaa glavu za Amondi, ambaye alikuwa anasahihisha mitihani, akanishikia chuma. Hakutetemeka. Jioni nimejaribu kuibandua barua hii kidogo kidogo, kuanzia ukingoni, na haiachii. Soma tangazo la tatu, Mchungaji, ila tafadhali usinitazame.