Siku Nane kwa Bibi Nachiyar

Jumatatu, 8 Januari

Bado naisikia. Ka! Mkasi wa Bibi Nachiyar ukikata popoo, katikati ya sentensi yangu nzuri kuliko zote. Nilikuwa nimefika hoja ya tatu, nafsi na mwili. Watu thelathini wamekaa chini, kimya. Kisha ka. Bibi akatia kipande mdomoni, akaniuliza kwa upole: anayeuliza ni nani?

Nikamjibu kwamba yapo majibu manne, kutegemea madhehebu. Nikayataja yote. Akaendelea kutafuna.

Sheria ya hapa kwa Bibi, mwalimu wa kujijua: mgeni hukaa siku nane. Kuendelea, mpaka Bibi mwenyewe aseme kaa. Kimebaki chumba kimoja, kando ya zizi la ng'ombe. Nakitaka. Chennai sina cha kurudia. Baba amefariki, Mama amehamia kwa kaka, nyumba yetu wanaishi wapangaji. Nilichobaki nacho ni shahada mbili na sanduku la vitabu vya Baba, arobaini na kimoja.

Mpinzani: Thangam, muuza maua, mjane, hajui kusoma. Sina wasiwasi.

Jumanne, 9 Januari

Nina wasiwasi.

Bibi kamuuliza Thangam swali lilelile. Hakujibu. Machozi yakamtoka, akainuka akaenda kuosha masufuria. Bibi akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Mimi hajawahi kunitazama hivyo.

Nikamfuata jikoni. Nikataka aniambie ameona nini. Kasema hakuona kitu. Alimtafuta wa kujibu, hakumpata, basi. Nikamweleza kwamba jambo hilo lilishajadiliwa, karne ya nane, kwa kina. Akasema ni vizuri, mdogo wangu, lakini umekula?

Sikuwa nimekula. Sikumwambia.

Alhamisi, 11 Januari

Mkakati mpya. Watu wa hapa wanathamini ukimya, basi nitawapa ukimya. Nimeweka nadhiri ya kutosema neno. Nimenunua kibao na chaki kwa ajili ya mambo ya lazima.

Mambo ya lazima yamekuwa mengi. Kufikia chakula cha mchana chaki tatu zimeisha. Nilikuwa nasahihisha tu. Mzee mmoja alichanganya akili na nafsi, ningeachaje?

Sundaresan mpishi kaniomba nianze tena kusema. Anadai tangu ninyamaze hajapumzika, kila akigeuka anakuta kibao mbele ya pua. Nikaandika kwamba anayelalamika ni nafsi yake ndogo. Akasogeza kibao mbali, akakisogeza karibu, akasema miwani kaiacha nyumbani, kama ni habari ya chumvi niende nikachukue mwenyewe.

Jioni Bibi alipita. Akasoma kibao upande mmoja, akakigeuza, akasoma wa pili. Akakifuta kwa pindo la sari yake na kunirudishia.

Nimetafakari. Nadhani zilikuwa pongezi.

Ijumaa, 12 Januari

Siku ya aibu.

Mlo wa mchana. Tumeketi mstari mmoja, kila mtu na jani lake la mgomba. Niliamua kufanya kama Bibi anavyosema: nisiseme, nisikumbuke niliyosoma, nimtazame tu huyu anayekula. Tonge la kwanza, mimi. La pili, mimi. La tatu, sijui. Palikuwa na wali, mkono, na utulivu. Hapakuwa na mimi, Kothai.

Nikashtuka kwa furaha. Mara nikaanza kutafuta hali hii imeandikwa wapi. Kitabu cha saba au cha kumi na mbili? Nilikuwa kwenye cha kumi na mbili nilipomaliza kula na kulikunja jani. Nikalikunjia upande wa mbele, mbali nami.

Mstari mzima ukageuka kulitazama. Hivyo hukunjwa kwenye chakula cha msiba. Sundaresan akasimama na ndoo yake ya mchuzi wa ukwaju, akauliza nani amekufa, maana wali kaupika mwenyewe na wote aliowalisha bado anawaona. Wakacheka mpaka wengine wakapaliwa.

Thangam hakucheka. Akanyoosha mkono, akalifungua jani langu, akalikunja kuja kwangu. Kisha akanishika kiganja kidogo. Mkono wake unanukia asumini.

Nimehesabu. Mtu wa mwisho kunishika mkono alikuwa shangazi, kwenye matanga ya Baba. Mwaka mmoja na miezi miwili.

Jumapili, 14 Januari

Mpango mkubwa. Nitaviacha vitabu, hadharani. Nitaliburuta sanduku hadi miguuni pa Bibi mbele ya watu wote. Atakataa, walimu wakubwa hukataa. Atasema: baki navyo, mjukuu wangu, moyo wako umeshaviacha.

Alisema: vizuri. Akamwita Sundaresan alichukue, meza ya jikoni inayumba.

Nilivumilia mpaka saa sita. Nikaenda kulidai. Nikamwambia Sundaresan kwamba mna maandishi ya Baba humo, pembezoni mwa kurasa. Ni kweli. Katika kimoja, kando ya mstari mgumu, ameandika kwa penseli: nimuulize Kothai akikua. Hakuwahi kuniuliza. Nimeusoma mstari huo mara nyingi sana na sijui angeuliza nini.

Sundaresan hakutania. Akalibeba mwenyewe mpaka mlangoni pangu.

Jumatatu, 15 Januari

Pongal, sikukuu ya mavuno. Maziwa yalichemka yakafurika chungu, watu wakashangilia. Bibi akaja kukaa kando yangu kwenye ngazi. Hakuniuliza anayeuliza ni nani. Alisema: kaa.

Nilidhani sikusikia. Akarudia. Chumba cha zizini kina nafasi ya mikeka miwili, wangu na wa Thangam. Sanduku halitaingia, litawekwa ghalani, hakuna atakayeligusa. Thangam alishafagia. Alishachora maua ya unga wa mchele mlangoni, na alikuwa amesimama kando ya maua hayo, ananingoja.

Nikaomba nafasi ya kufikiri. Nikafungua sanduku. Katika kitabu cha tatu nikakuta kwamba mwanafunzi asianze kujitafuta kabla ya kumaliza masomo. Chini ya mstari huo Baba amepiga mistari miwili. Miwili!

Thangam alinisaidia kulibeba hadi kituoni. Hakunisihi. Alisema tu kwamba mkeka hataukunja mpaka mvua zije.

Naandika haya ndani ya treni ya Varanasi. Huko kuna chuo chenye kozi ya miaka sita juu ya kujijua pasipo vitabu. Kabla treni haijaondoka nilijaza fomu kwa simu. Wamenijibu papo hapo kwa orodha ya vitabu vinavyohitajika. Nimeviagiza vyote.