Mlango Ulioniachia Darini

Kwa Fundi wa Dari, ambaye kwa bahati niliyoletewa na ndoa ni shemeji yangu,

Salamu nyingi. Dada yako yuko kwako akipumzika hadi Jumamosi, kwa hiyo nimepata utulivu wa kuandika malalamiko niliyoyameza tangu uliponiongezea sufi ya kuzuia joto darini. Joto limepungua, sikatai. Sikuandika ili nikusifu.

1. Ulipomaliza kutandika sufi, tabaka juu ya tabaka, ulikata shimo kwenye dari ya korido ukaliita mlango wa matengenezo. Mlango ni wa wageni. Huko juu kuna tangi la maji na buibui, na sikumwalika yeyote kati yao.

2. Kutoka mlangoni hadi kwenye tangi umejenga njia ya mbao, tena umeiinua ili mguu usigandamize sufi. Mimi mwenye nyumba nikitoka nje naruka madimbwi. Tangi, lisilo na miguu, lina barabara.

3. Kifuniko cha mlango huo umekivika sufi na kukizungushia mpira, eti joto lisipenye. Koti langu mimi halina hata kifungo.

4. Fundi anayeacha mlango wa kurudia amekiri kwamba kuna kitu kitaharibika. Daktari akishamshona mgonjwa hamwachii zipu tumboni ili siku nyingine achungulie. Wewe nyumba yangu umeiachia zipu.

5. Hili ndilo kubwa. Siku hizi mgeni akiingia, dada yako hamwonyeshi kiti, anamwonyesha dari, na kumsimulia jinsi kaka yake anavyofikiria mbele. Kwa miaka kumi na miwili nimetengeneza mlango wa jiko, kitanda na kitasa cha choo, na hakuna mgeni aliyewahi kupelekwa kukiona kitasa. Iliniuma, shemeji, na bado inaniuma.

Kwa sababu hizo, na kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, juzi niliuziba mlango wako. Nimeng'oa njia yako, nimeshindilia sufi, nimepigilia ubao, nimesiliba, kisha nimepaka rangi dari nzima mara tatu. Sasa hakuna binadamu anayeweza kuonyesha ulipokuwa. Naomba tu ukiri kwa maandishi, dada yako akishuhudia, kwamba mlango haukuhitajika.

Msalimie mkeo, watoto na mama mkwe wangu. Dada yako mwambie nyumba iko salama.

Ni mimi shemeji yako, mwenye nyumba na mwenye dari.

Tanbihi: Aliyeleta barua hii nimemwagiza akupe mkononi. Boya la tangi, lile la kuzuia maji tangi likijaa, limekwama na maji yamefurika huko juu. Nimeyafunga kwenye bomba la nje, lakini sufi imekwisha kunywa, na dari imetuna juu ya kitanda chetu. Nimegonga dari ya korido yote kwa mpini wa fagio nikitafuta mlango. Rangi niliipaka vizuri mno. Njoo leo na msumeno, upitie uani. Kukiri kwa maandishi nitakiri mimi. Dada yako mbembeleze akae hadi Jumatano.